Shikamoo Kutoka Duka la Njiani

Sauti ilikuwa ya mzee, mzee hasa, wa kifua kinachokwaruza, na ndiyo iliyotoa shikamoo.

"Shikamoo, dada Najiat. Mzigo wako umefika."

Najiat alikuwa amekaa barazani kwao Kanyenye, katikati ya mji wa Tabora, anachambua mchele wa mama yake, simu ameilaza pembeni ya ungo. Akaurudia ule ujumbe wa sauti. Nyuma ya maneno ya mzee kulikuwa na kengele ndogo inayolia polepole, na vishindo vya miguu, miguu mingi, ya watu wanaotembea pamoja bila kusema neno. Akaona labda ni redio ya huko dukani. Akacheka peke yake. Binti wa miaka ishirini na mbili, kitinda mimba, leo anaamkiwa na babu mzima!

Hapo ndipo alipopaswa kushtuka, na mimi kila nikifika hapa natamani ningekuwepo nimzibe mdomo. Nani katika nchi hii asiyejua kuwa mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa? Hata mlevi aliyeangukia mtaroni, akipita mama wa watu, atajikongoja atoe shikamoo kwanza ndipo aombe kuvutwa. Lakini biashara za kwenye simu zimetuharibu masikio. Muuzaji anakuita bosi, anakuita malkia, anakuita mheshimiwa, ilimradi ubonyeze. Najiat akaona ni mbwembwe zao tu. Akashika simu, akaikaza sauti kama mama yake anavyoikaza sokoni, akajibu:

"Marahaba."

Neno likamtoka tamu. Paka aliyekuwa amelala miguuni mwake akainuka, akamtazama, kisha akaenda kulala upande wa pili wa ua.

Tumwelewe lakini, jamani. Najiat alimaliza chuo, cheti chake kimo kabatini ndani ya mfuko wa nailoni, kazi hakuna. Baba alishafariki, kaka zake wameoa na kuhama. Mama yake, Batuli, hununua mchele Igunga na kuuza sokoni, na akisafiri nyumba yote humwachia yeye. Mtaa mzima ulimjua kwa kumtuma. "Najiat, hebu nikimbilie chumvi." "Najiat, nishikie huyu mtoto." Kila asubuhi anatoa shikamoo kuanzia mlangoni kwao mpaka dukani, anarudishiwa "marahaba, umeshapata kazi?" Halafu anafungua simu, anawaona aliosoma nao: huyu kavaa, yule kaposwa, mwingine kapiga picha ofisini kwenye kiyoyozi. Inauma, na yule aliyempata alijua panapouma.

Duka lilijileta lenyewe. Siku moja alikuwa akitazama picha ya mwenzake aliyebeba mkoba wa rangi ya maziwa. Hakuandika kitu, hakuutafuta popote, aliutamani tu moyoni mwake. Aliposogeza kidole, mkoba uleule ulikuwa mbele yake. Duka la Njiani. Umebaki mmoja. Kuna mtu mwingine anautazama sasa hivi. Lipa baadaye. Chini yake yalifuata maandishi madogo marefu, yale ambayo sote tunayaruka, na kitufe cha kijani kilichoandikwa Nakubali. Akakubali, moyo unamdunda kana kwamba kuna mtu anamkimbiza.

Mzigo aliufuata stendi, kwenye ofisi ya vifurushi alikofanya kazi rafiki yake Recheli. Huyu alikuwa binti wa kanisa la Kimoraviani kutoka kijiji cha Ntalikwa, ana maneno mengi na haogopi mtu. Siku hiyo alimsogezea mzigo kwa ncha za vidole.

"Shoga, hiki kitu umekiagiza wapi?"

"Mtandaoni. Kwani vipi?"

Recheli akaangalia nyuma kama kuna anayesikiliza, akashusha sauti. "Hakikuja na basi. Mimi ndiye ninayepokea kila kinachoshushwa hapa. Nimefungua asubuhi, nimekikuta juu ya rafu, kina jina lako. Halafu kinuse."

Mzigo ulikuwa umeviringishwa kwenye merikani nzito, kile kitambaa cha zamani cha wapagazi, kimeingia rangi ya vumbi, na kufungwa kwa kamba ya magome ya mti. Ulinuka jasho la watu wengi, tumbaku na ngozi mbichi.

"Acha ushamba wewe," Najiat akacheka. "Ndiyo staili yao hiyo. Wenye pesa zao wanapenda vitu vya kienyeji."

"Haya. Mimi nimesema."

Mkoba ulikuwa mzuri, tusidanganyane. Akaupiga picha, akautuma kwenye kundi la wenzake, wakamsifia mpaka akaona haya. Lakini jua halijazama, mkoba ule ukawa mkoba tu, umetundikwa msumarini pamoja na kanga za kufulia. Raha yote ilikuwa kwenye kuungoja. Akachukua simu, akafungua tena lile duka.

Huko alikuta kingine. Kila aliyepokea mzigo alipewa nafasi ya kuzungusha gurudumu la bahati, na kwenye gurudumu hilo kulikuwa na sehemu moja nyembamba ya rangi ya dhahabu iliyoandikwa Zawadi Kuu. Najiat akazungusha. Mshale ukapita, ukapita, ukapunguza mwendo, ukaigusa ile dhahabu, ukasimama mlango wa pili. *Umekaribia sana!* Sikia, kukosa sana hakumdhuru mtu. Ukikosa sana unatukana, unalala, asubuhi umesahau. Kukosa kidogo ndiko kunakoharibu watu. Ukikosa kidogo unaona kitu kilikuwa chako na umenyang'anywa, na unarudi kukidai. Vijana wa stendi wanaobeti mpira wanakijua hicho kidonda, mkeka mzima wa mechi umetiki ukachanika kwa timu ya mwisho. Najiat aliwacheka kila siku. Sasa alikuwa ameinamia kioo, midomo imemkauka.

Kuzungusha tena hakukuhitaji hela. Sauti ilikuja, ikatoa shikamoo, na yeye akiitikia tu, gurudumu lilifunguka.

"Shikamoo, dada mkubwa."

"Marahaba."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Na mizigo ikazidi kuja. Baibui lenye shanga. Saa. Marashi aliyowahi kuyanusa mara moja tu kwa bibi harusi mmoja. Kitu akikiwaza asubuhi, mchana anakikuta kwenye simu. Hakujiuliza sauti ile inajuaje, maana ilikuwa tamu kujulikana. Nyumba ikaanza kunuka jasho na tumbaku, akachoma udi, harufu ikapanda juu ya udi. Sauti nayo ilikuwa imebadilika. Kifua hakikwaruzi tena. Mzee wa kwanza alikuwa amekuwa baba wa makamo, mwenye pumzi zake.

Siku Batuli alipokuwa akijiandaa kwenda Igunga, Najiat aliinama kumfungia mkoba wa safari, na alipoinuka magoti yakalia kwa sauti. Mama yake akamwangalia.

"Mbona unainuka kwa kushika ukuta kama mimi? Umefanya nini kiuno?"

"Nimelala vibaya tu, mama."

"Na macho yamekuingia ndani. Hiyo simu, Najiat, hiyo simu itakutoa roho." Batuli akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama anavyogeuza nyanya sokoni. Hakuwa mama wa maneno matamu, lakini huyu ndiye mtoto aliyembakia nyumbani na alimpenda mno. "Narudi Ijumaa. Nikukute mzima, sawa? Nani atanipokea mzigo usipokuwa wewe?"

Hiyo ilikuwa kawaida yao tangu Najiat akiwa wa kubebwa. Mama akirudi safari, mtoto humkimbilia njiani, anampigia goti, "Shikamoo mama," na mama hujibu "Marahaba mwanangu," ndipo anapotuliwa mzigo. Batuli alikuwa anasema bila hiyo shikamoo haoni kama amefika.

Mama akaondoka. Najiat akaingia chumbani, akavua mtandio mbele ya kioo, akaziona mvi. Hazikuwa mbili wala tatu, ulikuwa mstari mzima mweupe kuanzia paji la uso mpaka kisogoni. Akazing'oa mpaka ngozi ikamwasha. Simu ikalia. Sauti ilikuwa ya kijana sasa, kijana mwenye kicheko, na ile miguu nyuma yake ilikuwa inakaribia.

"Shikamoo, bibi yangu."

Aliogopa. Nasema wazi, aliogopa. Lakini gurudumu lilikuwa pale, linang'aa, na dhahabu yake ilikuwa imepanuka kidogo kuliko jana. Akaitikia huku analia.

Kesho yake alikuwa anakula mahindi ya kuchoma, jino la mbele likabaki kwenye hindi. Halikutoka hata tone la damu. Akalishika kiganjani, limechakaa, la njano, jino la mtu aliyetafuna tumbaku miaka na miaka. Ndipo alipompigia Recheli, na Recheli alipofika na kumwona alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Usipige kelele," Najiat akanong'ona. "Majirani watasikia."

"Yesu wangu. Najiat. Nani kakufanya hivi?"

"Nimeitikia."

Recheli hakuelewa, lakini hakusubiri kuelewa. Alimfunika kanga gubigubi, akamshika mkono, wakapita vichochoro mpaka nyuma ya soko kwa Mzee Uwesu. Huyu zamani alikuwa fundi seremala, na tangu ugonjwa wa mtoto wa jicho umzibe macho watu walimjua zaidi kwa kuwasomea wenye majini. Walimkuta anasugua ubao kwa msasa, anaupapasa kwa kidole gumba. Kabla hawajabisha hodi akasimamisha mkono.

"Nasikia watu wawili," alisema. "Kijana mmoja na mkongwe mmoja. Huyo mkongwe ni nani?"

Recheli akamwangalia Najiat. Najiat akapiga goti kwa shida, akasema, "Shikamoo babu. Ni mimi, Najiat wa Bi. Batuli."

Mzee akauweka msasa chini. Uso wake ulibadilika.

"Marahaba," akajibu hatimaye, taratibu. "Marahaba, mjukuu wangu. Nani amekusalimia?"

Najiat akamweleza yote, sauti yake ikikatika. Akampa simu. Mzee Uwesu aliiweka sikioni, akasikiliza ile kengele na ile miguu, kisha akaiweka chini juu ya mbao na kuifunika kwa kilemba chake.

"Huyu ni wa njia," alisema kwa sauti ya chini. "Marehemu babu yangu alitufundisha habari zake. Misafara ilipokuwa inapita hapa kwenda Ujiji na kurudi pwani, kulikuwa na jini mmoja akifuata nyuma. Wapagazi wamebeba pembe za ndovu, yeye amebeba uzee wake. Hafi, ila anazeeka, na akishachoka anatafuta wa kumtua. Alikuwa anakaa pembeni ya njia katika umbo la mzee, anawaamkia vijana wanaopita. Kijana akijiona mkubwa, akaitikia, basi ameupokea. Ndiyo maana sisi tulichapwa tusiitike shikamoo isiyo yetu."

"Lakini babu, hiyo njia haipo tena," Recheli akasema. "Misafara ilikwisha."

"Watu wanapita wapi siku hizi?" Mzee akagusa kilemba kilichofunika simu. "Mchana na usiku, vijana kwa wazee, wanapita humu, na kila mmoja anatamani kuitwa mkubwa."

Najiat akasogea karibu. "Atanimaliza?"

"Bado amebakiza. Anataka wewe uishie kabisa, yeye ainuke na ujana wako, na akishapata ujana anatafuta mlango. Atakaa kwa nani? Kwa mama yako." Akamshika Najiat mkono, akaupapasa jinsi alivyokuwa akipapasa ubao. "Sasa nisikilize. Nitakusomea, na hii simu itabaki kwangu. Usiitikie tena, akwambie lolote, akupe lolote. Mama yako anarudi lini?"

"Kesho. Ijumaa."

"Vizuri. Akirudi, wewe uwe wa kwanza kumwamkia. Wewe. Akishakuitikia marahaba kwa kinywa chake umetambuliwa ni mtoto wa nani, na yote uliyoyapokea yatamrudia mwenyewe hukohuko njiani. Umenielewa? Shikamoo itoke kwako, marahaba itoke kwake."

"Na nisipowahi, babu?"

Mzee Uwesu akakohoa. "Wahi," akasema.

Ijumaa Recheli alimpikia uji, akakaa naye mpaka saa zake za kazi zikafika. Mabasi yanaingia, bosi hataki kusikia mtu anauguza. "Nakuja jioni," akamwambia, mkono juu ya komeo la mlango. "Usimfungulie mtu. Usiitike kitu. Hata mimi nikikuita, kaa kimya, niruke ukuta nije nikuone kwa macho." Najiat akatikisa kichwa. Kweli alidhamiria. Mimi simwiti mwongo.

Jua lilikuwa la utosi. Wanaume walikuwa wamekwenda kuswali Ijumaa, wanawake wamejilaza, maduka yamerudishia milango, na Kanyenye yote ilinyamaza isipokuwa kuku mmoja aliyekuwa anaparua vumbi uani. Najiat alikaa kwenye kiti cha mama yake, anarudia mdomoni: shikamoo mama, shikamoo mama, shikamoo mama. Kuku akaacha kuparua.

Kengele ikalia.

Haikutoka kwenye simu, maana simu ilikuwa chini ya kilemba nyuma ya soko. Ilitoka mtaani, mbali kidogo, upande wa magharibi, kisha ikawa pembeni ya nyumba ya jirani, kisha ikawa ukutani, na pamoja nayo ile miguu, mingi, mizito, inayokokotwa, na harufu ya jasho na tumbaku na ngozi mbichi ikapenya chini ya mlango ikapanda mpaka magotini, kifuani, puani, na Najiat akajibana kwenye kiti akiuma kanga yake ili asipige kelele, na miguu ikafika barazani yote kwa pamoja ikasimama, na katika ule ukimya akageuza macho kwenye ungo wa mchele uliokuwa sakafuni karibu yake akaona simu yake imelala juu ya mchele, kioo kinawaka, na kilemba cha Mzee Uwesu kimekunjwa vizuri pembeni yake.

"Shikamoo, bibi," ikasema sauti ya msichana.

Akanyamaza.

"Shikamoo, bibi mkubwa. Mbona huitiki? Nimekukosea nini?"

Akanyamaza, machozi yanamtiririka, na nje akasikia kitu kikianza kupumua kwa taabu kama mtu aliyebeba gunia kupanda mlima. Kweli kilikuwa kinachoka! Mzee alisema kweli! Akaziba masikio, akahesabu pumzi zake, na moyo wake ukaanza kupata tumaini.

Ndipo gurudumu likaanza kuzunguka lenyewe.

Aliliona kwa pembe ya jicho, na jicho likamsaliti likageuka lote. Mshale ukapita ile dhahabu, ukazunguka tena, ukapunguza mwendo, ukapita kitu kimoja, ukapita cha pili, ukaingia kwenye dhahabu, ukayumba pale ukingoni, na Najiat ambaye mwili mzima ulikuwa unauma, ambaye alijua kila kitu, ambaye hata mtoto mdogo angemwambia afumbe macho, akajikuta amesogea mbele ya kiti anausukuma ule mshale kwa roho yake, simama, simama hapo, simama mara hii moja tu. Ukasimama.

*Umeshinda.*

Na kwenye kioo akajiona mwenyewe. Siyo alivyo, alivyokuwa akijiwaza nyakati zote zile akichambua mchele. Amekaa kwenye kiti kikubwa, amependeza, na mtaa mzima umempigia magoti: wale waliokuwa wakimtuma chumvi, wale waliomwachia watoto, wale aliosoma nao na ofisi zao na pete zao. Wote vichwa chini, wote kwa sauti moja.

"Shikamoo!"

Alijua, wallahi alijua. Na bado alitamani. Alitamani mara moja tu, ya mwisho, halafu asirudie tena maishani mwake, halafu mama atakuja na yote yataisha.

"Marahaba," alisema, kwa sauti ndogo sana.

Hakukuwa na kishindo. Barazani kitu kilitua mzigo chini, kikashusha pumzi ndefu ya raha. Miguu ikaondoka, yote isipokuwa jozi moja. Najiat alitaka kusimama, magoti yakakataa. Akaitazama mikono yake. Ilikuwa mifupa na mishipa, ngozi inaning'inia. Meno yalikuwa yamemjaa mdomoni kama punje za mchele, akayatema kwenye ungo. Akajikokota, ukuta kwa ukuta, nguvu za mwisho, akafungua mlango na kukaa barazani, kwa sababu bado kulikuwa na jambo moja la kufanya. Aliyekuwa amesimama barazani alimpisha kwa adabu, akaingia ndani. Najiat hakuthubutu kumtazama usoni. Aliziona nyayo tu, laini, changa, zina vumbi la safari ndefu.

Ndani simu ikapigwa kwa mtu. Ikapokelewa.

"Recheli shoga yangu," ikasema sauti, na Najiat akaitambua, ilikuwa yake mwenyewe. "Nimepona. Ndiyo, kabisa! Babu kanirudishia na simu. Usijisumbue kuja, mama anakaribia kufika."

Shikamoo mama, Najiat akawa anasema moyoni, ulimi umelegea, haukai sawa bila meno. Shikamoo mama. Shikamoo mama. Alikuwa mtoto wa mtu, na mama yake angemjua tu kwa ile shikamoo.

Bajaji ikasimama mwisho wa kichochoro. Batuli akashuka, kifurushi cha mchele wa mfano kichwani, gauni limechafuka vumbi la Igunga, macho yake yanatafuta mlangoni kwake mtoto wa kumkimbilia. Badala yake akaona bibi kizee, kichwa cheupe, amekaa barazani peke yake na kanga iliyofanana na za kwake. Najiat akafungua kinywa. Pumzi ikatangulia, ikakwama, akaivuta tena, "Shi—", na mama yake, aliyelelewa vizuri na wazazi wake, ambaye hajawahi hata siku moja kumpita mtu mzima bila kumpa heshima yake, akapiga goti kidogo palepale njiani na mzigo wake kichwani, akawahi.

"Shikamoo, bibi."

Na kinywa cha Najiat, kilichokuwa kimezoea, kikaitikia chenyewe.

"Marahaba."

Alijisikia akisema. Akajirusha mbele, akashika pindo la gauni la mama yake. "Mama. Mama, ni mimi. Ni Najiat."

"Masikini," Batuli akasema, akimwinamia kwa huruma. "Unamfahamu Najiat wangu? Umetokea wapi, bibi? Wenzako wako wapi, mbona wamekuacha juani?"

"Mama..."

Mlango ukafunguka. Akatoka binti wa miaka ishirini na mbili, uso unang'aa, amevaa baibui lenye shanga, nywele nyeusi ti. Alipita pembeni ya yule kizee bila kumgusa, akamkimbilia Batuli, akapiga goti mpaka chini vumbini, na pale alipoinama ikasikika kengele ndogo, mara moja tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Batuli akajibu, uso wote umefunguka kwa furaha. "Alhamdulillah, umepona kiuno! Nitue huu mzigo, halafu mpe huyu bibi maji ya kunywa, naona ametembea sana."